Miguu ya Bina

Kisiwani Belfri, kusini mwa Marekani, kila mtu alijua kwamba Bina, mke wa Julai, ana macho ya kuona miguu. Wengine huangalia nyuso za watu wanapoimba, wengine huangalia kofia na magauni. Bina aliangalia chini. Siku ya duara, mabenchi ya nyumba ya sifa, kikanisa chao cha mbao, yakishasukumwa ukutani na watu wakianza kuzunguka, yeye alizunguka nao, akaimba nao, akapiga makofi nao, na huku macho yake yanatembea kwenye pindo za magauni kama kuku anayetafuta punje.

Sheria yenyewe si ngumu. Mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unaburutwa nyuma yake. Miguu hainyanyuki kutoka kwenye mbao, na haipishani. Ukiburuta, unamsifu Mungu. Ukipishanisha, unacheza dansi, na dansi mahali pake ni kilabuni. Ndivyo bibi zao walivyokubaliana tangu enzi za utumwa, na hakuna aliyewahi kuomba wabadilishe. Anayepishanisha hukalishwa benchi la nyuma miezi mitatu. Haingii duarani. Na yule aliyemtaja mbele ya watu ndiye huyohuyo anayetakiwa kusimama na kuliondoa jina lake.

Bina alikwisha kuwataja wengi. Alimtaja Lavinia, binti wa Rozena, wiki mbili tu kabla ya harusi yake, na Rozena hakumsemesha tangu msimu wa viazi mpaka msimu wa chaza. Alimtaja hata shemeji yake mwenyewe, mzee mwenye jicho moja, aliyejitetea kwamba upande ule haoni mguu uko wapi.

"Mguu hauonwi, shemeji," Bina akamwambia mbele ya watu. "Mguu unahisiwa."

Na katika hao aliowataja alikuwemo mwanawe wa pekee, Titus.

Titus hakupishanisha miguu. Yeye aliipishanisha miguu ya wengine. Ilikuwa miaka miwili iliyopita, muuza mayai aliporudi kutoka Savannah na habari kwamba kijana wa Julai anapiga piano katika nyumba ya pombe karibu na reli, na kwamba watu wanacheza pale mpaka sakafu inalia. Jumapili ile Bina alisimama kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Afadhali nimtaje mimi mamake," alisema, "kuliko atajwe na Rozena."

Watu walicheka, lakini jina liliwekwa. Bina akaongeza kwa hasira jambo ambalo hakuna aliyemwomba aliongeze: kwamba Titus hatakanyaga ndani ya nyumba yake mpaka aache piano. Maneno yakishasemwa mbele ya benchi la mashemasi hayalambwi tena. Titus alituma salamu kupitia muuza mayai. Bina alituma soksi za sufu. Hakutuma neno.

Kisha mwezi wa nane mwaka huu, Julai akapigwa na kiharusi.

Julai alikuwa mpiga fimbo wa Belfri kwa miaka thelathini na miwili. Fimbo ni mpini wa ufagio tu, umekatwa kichwa, lakini bila fimbo hakuna duara. Mpigaji hukaa kwenye kiti kifupi, anagonga mbao za sakafu, na ule mdundo ndio unaoamsha mwimbishaji, na mwimbishaji ndiye anayeamsha waitikiaji, na waitikiaji ndio wanaozungusha watu. Sasa mkono wa kulia wa Julai ulilala juu ya blanketi kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine akitunze. Mdomo wake ulivutwa upande mmoja. Akili yake ilikuwa palepale, na mzaha wake pia. Walijaribu kumweka kijana wa Shemasi Renti kwenye fimbo. Duara lilizunguka mara mbili, watu wakasimama wenyewe. Rozena alisema ni kama mtu anayefukuza panya chini ya kitanda.

Habari zikafika Savannah, na Ijumaa ya kuelekea duara la mavuno Titus akashuka kwenye boti.

Bina alikuwa anafagia uwanja. Aliona kwanza viatu, kwa sababu ndivyo macho yake yalivyozoea. Viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, vikikanyaga mistari aliyoichora kwa ufagio sasa hivi.

"Simama hapohapo," alisema bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimenenepa, mama."

"Basi umenenepa vibaya." Akainua kichwa. Mtoto alikuwa na kofia mkononi na alikuwa na pua ya Julai, pua ileile, na Bina alilazimika kuangalia tena chini. "Umeacha piano?"

"Sijaacha."

"Basi kaa hapo kwenye ngazi. Baba yako yuko ndani, kitanda chake kiko dirishani. Mtaongea kupitia hapo."

"Mama, kweli? Nimesafiri siku nzima."

"Mimi nilisema."

"Ulisema, ndiyo. Kisiwa kizima kilisikia."

Basi Titus akakaa kwenye ngazi za baraza, na Bina akampitishia sahani dirishani, juu ya kifua cha mumewe: wali na kunde nyekundu, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyokuwamo nyumbani. Julai alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Mwanamke huyu," alisema polepole, "atakufungia mlango, halafu akulishe kwa dirisha mpaka upasuke."

"Baba. Unaendeleaje?"

"Upande mmoja unaendelea. Mwingine umepumzika." Akavuta pumzi. "Nasikia Savannah wanakulipa kukaa kitako."

"Wananilipa mkono wa kushoto, baba. Wa kulia nawapa bure."

"Huo wa kushoto unafanya nini?"

Titus akaweka sahani chini. Akafuta vidole kwenye leso, akaupeleka mkono wa kushoto kwenye mbao za baraza na kuanza kugonga. Hakugonga kwa nguvu.

Bina alikuwa jikoni na mwiko ndani ya chungu. Mwiko ukasimama. Ulikuwa mdundo wa Julai. Angeujua popote, hata kaburini. Mmoja mzito, kisha miwili inayofuatana, kisha mmoja. Ila katika ile miwili, wa pili ulichelewa kidogo, kidogo sana, kama mtu anayesita mlangoni kisha akaamua kuingia. Bina alihisi kitu kikimpanda kutoka kwenye nyayo. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Huo ni ufagio wa baba yako!"

"Ndiyo, mama."

"Umeuiba ukaupeleka kilabuni!"

"Sikuuiba. Ulinifuata. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye piano sikujua hata wimbo mmoja. Mkono wa kushoto ukaanza wenyewe kupiga anavyopiga baba, na wa kulia ukaanza kuimba mnavyoimba ninyi waitikiaji. Watu wakaacha kunywa, wakasimama. Wanaita muziki mpya, mama. Kuna bwana mmoja wa kaskazini amekuja siku tatu mfululizo na karatasi, anaandika kila ninachopiga. Ananiambia, kijana, kitu hiki hakijawahi kusikika Marekani nzima."

Julai alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Bina akamwinua na kumgonga mgongoni, na bado anacheka.

"Kipya!" alisema alipopata pumzi. "Bibi yangu alikuwa nacho kabla mabwana hawajamnyang'anya ngoma. Walichukua ngoma, wakachukua zumari, wakachukua hata pembe ya ng'ombe. Ufagio hawakuuchukua."

"Nani angewafagilia nyumba?" alisema Bina, na mara akakumbuka kwamba amekasirika. "Na hiyo ya kuchelewa umeitoa wapi? Baba yako hapigi hivyo. Baba yako anapiga sawa."

"Hiyo sijui, mama. Inakuja yenyewe."

Bina alimtazama Julai. Julai alikuwa anatazama dari kama mtu anayehesabu misumari. Bina akarudi jikoni haraka.

Jioni ile ndipo Titus alipolisema lililomleta hasa. Alilisemea dirishani, kwa baba yake, lakini kwa sauti ya kufika jikoni. Yule bwana wa kaskazini amempatia nafasi Chicago, katika ukumbi mkubwa, na gari moshi linaondoka Savannah Jumanne. Yeye atachukua boti ya Jumatatu. Chicago si Savannah. Mtu hatoki Chicago kuja kula kunde Ijumaa.

Bina aliosha chungu kilekile mara mbili. Angeweza kutoka akamwambia ingia ndani, mwanangu. Maneno hayo yalikuwa mepesi, matatu tu. Lakini kila alipoyaweka mdomoni alimwona Lavinia akilia na gauni la harusi halijamalizwa kushonwa, na shemeji yake mwenye jicho moja akijikokota kwenda benchi la nyuma. Hao hakuwahurumia. Atamhurumia nani, mwanawe?

Jumamosi asubuhi Shemasi Renti alikuja na kofia yake ameishika kifuani. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya chini, na aliogopa mambo mawili duniani, radi na Bina.

"Dada Bina, kesho ni mavuno, na fimbo hatuna. Kijana wangu mwenyewe amesema afadhali apewe kazi ya kuvua samaki huku umeme unapiga. Na mpigaji ninamwona kwa macho yangu, kakaa kwenye ngazi yako anamenya viazi. Jina lake uliliweka wewe. Ukiliondoa, nampa fimbo leo."

"Ameacha piano?"

"Sijamuuliza."

"Mimi nimemuuliza. Hajaacha, na hajutii. Naliondoaje jina la mtu asiyejuta?"

"Shemasi," Titus akaita kutoka kwenye ngazi, "mwambie mama kwamba nikisema najuta nitakuwa nimesema uongo kwenye nyumba ya sifa, halafu atanitaja tena kwa uongo."

"Umemsikia?" alisema Bina. "Ana mdomo kama wa babake."

Hapo Julai akagonga ukuta kwa mkono wake mzima. Alikuwa hajaomba kitu tangu augue. Maji alikuwa anapewa kabla hajasema.

"Bina. Nataka kuzunguka kesho. Nataka nibebwe kwa kiti niwekwe katikati. Kwa fimbo ya nani, mimi sichagui."

Shemasi Renti alisoma lebo iliyokuwa ndani ya kofia yake.

"Jina liko palepale," alisema Bina hatimaye. "Halijaondoka. Mtu mwenye jina asiyejuta haingii ndani. Lakini hakuna aliyesema fimbo isiingie. Atakaa kizingitini. Matako na miguu nje, fimbo ndani."

Renti alilifikiria jambo hilo kwa uso wa mtu anayepima mbao. "Kizingitini," alisema. "Nadhani… hakuna sheria inayokataza kizingitini."

"Na utapiga sawa," Bina akamgeukia mwanawe. "Kama baba yako. Usiniletee kitu cha Savannah."

"Nitapiga sawa, mama."

"Na uvue viatu hivyo. Vinanitia kizunguzungu."

Jumapili baada ya mahubiri na chakula, nyumba ya sifa ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanaume wanne walimbeba Julai na kiti chake, wakamweka katikati ya sakafu, blanketi magotini. Mabenchi yakasukumwa. Titus alikaa kizingitini bila viatu, amegeuza kiwiliwili ndani kama mtu aliyenaswa na mlango, mpini wa ufagio mikononi. Watoto walikuwa wanamcheka.

"Kaka Titus, wewe ni wa ndani au wa nje?"

"Muulizeni mama. Mimi mwenyewe sijui."

Rozena, aliyekuwa mwimbishaji, alimtazama Bina na kukunja mdomo. "Mambo mengine hata Musa hakuyaandika," alisema. Kisha akafunga macho, akaanza:

"Mpunga umeiva, nani atauvuna?"

Na waitikiaji, "Mimi nitauvuna."

Fimbo ikagonga. Ilipiga sawa, kama mama alivyotaka. Mmoja mzito, miwili, mmoja. Duara likaanza kusogea, kinyume cha saa, miguu ikiburutwa na kuvuma kwenye mbao kama mvua ya mbali. Bina aliingia nyuma ya Lavinia na mbele ya Rozena. Macho yake yakashuka chini yenyewe. Miguu ilikuwa mizuri leo. Hata ya shemeji.

Walizunguka hivyo kwa muda mrefu. Julai katikati alikuwa amefumba macho, kidevu chake kinafuata. Rozena akapandisha wimbo. Makofi yakaongezeka, yakawa yanaingia mahali ambapo fimbo haipo, na jasho likaanza kutoka, na watu wakaanza kusahau kwamba wana majina. Ni hapo, katika mzunguko wa ishirini au thelathini, ule mdundo wa pili ulipochelewa.

Titus hakukusudia. Bina alimwona, macho ya kijana yalikuwa yamefumbwa kama ya babake. Fimbo ilisita mlangoni kisha ikaingia. Ikasita tena. Nyumba nzima ikashuka na kupanda kama kifua cha mtu. Rozena akapiga kelele ya furaha. Na Bina, akiwa anapita kwenye kona ya jiko la kuni, akahisi mguu wake wa kushoto ukiondoka nyuma ambako ni mahali pake, ukapita mbele ya wa kulia, ukakanyaga upande wa pili, na ukarudi. Mara moja. Ilikuwa safi, laini, kama kitu alichokifanya kila siku ya maisha yake.

Gauni lake lilikuwa refu. Hakuna aliyeona. Rozena alikuwa nyuma yake na macho kafumba. Lavinia alikuwa mbele. Duara liliendelea, na Bina aliendelea nalo hatua tano, hatua sita, akiburuta vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuburuta Belfri. Angeweza kumaliza. Angeweza kwenda nyumbani, akakaa, na kesho akaisindikiza boti kwa macho.

Alisimama.

Rozena akamgonga mgongoni. Aliyekuwa nyuma ya Rozena akamgonga Rozena. Wimbo ukakatika vipande vipande, na fimbo ikagonga mara mbili peke yake kabla haijanyamaza.

"Kuna nini?" aliuliza Shemasi Renti. "Dada Bina, nani?"

Watu wote wakatazama miguu yao. Lavinia alirudi nyuma hatua moja kabisa. "Si mimi, mama Bina. Nakuapia si mimi."

"Najua si wewe," alisema Bina. "Ni mimi."

Rozena akamzunguka Bina, akaja kusimama mbele yake.

"Umefanya nini?" Rozena aliuliza.

"Nimepishanisha. Pale kwenye jiko."

"Aka! Mimi nilikuwa nyuma yako, sikuona kitu."

"Ulikuwa umefumba macho, Rozena. Unafumba macho siku zote ukifika juu."

"Basi kama hakuna aliyeona," alisema Shemasi Renti kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wazi, "huenda ni kujikwaa. Mbao ile ya kona imeinuka, nimesema itagongwa msumari tangu Pasaka…"

"Mbao haina kosa. Mguu ulipita wenyewe na mimi niliusikia ukipita."

Renti akageuka kizingitini. Sauti yake ikawa nzito. "Ni ile ya Savannah. Sote tuliisikia. Titus, mama yako alikukataza, na wewe umeileta humu mpaka umempishanisha mama yako mwenyewe. Dada Bina, kosa si lako. Kosa ni la huyu."

Titus alikuwa ameushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Mama, sikujua. Nisamehe. Nilikuwa napiga sawa, halafu…"

"Nyamaza," alisema Bina, lakini si kwa ukali.

Akamtazama Julai. Julai alikuwa amefumbua macho na alikuwa anamtazama yeye, na nusu ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka, na baada ya miaka yote hiyo Bina alijua kwamba anajizuia kucheka.

"Shemasi," alisema, "hiyo si ya Savannah. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa mavuno kama leo, na mzee wake Julai alikuwa amechoka, akampa mwanawe fimbo kwa mara ya kwanza. Julai akapiga hivyohivyo. Ilichelewa hivyohivyo. Mimi sikuwa namjua vizuri, nilijua tu kwamba ni yule kijana mwenye pua. Nikapita kwenye kona ileile, na mguu wangu ukapita." Hakuwa amewahi kuona aibu mbele ya watu hawa, na hakujua mtu anaweka wapi mikono yake. "Gauni lilikuwa refu siku ile pia. Nikanyamaza. Baba yake akamwambia anyooshe mkono, asilete fujo, na Julai akaunyoosha miaka thelathini na miwili. Mimi nikaolewa naye, na tangu siku ile nikawa natazama miguu ya watu wengine."

Kisha Julai akaongea, polepole, neno moja moja, ili nusu ya mdomo isimwangushe.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Siku ile. Gauni… halikuwa refu kiasi hicho."

Rozena ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akamshika Lavinia begani, na Lavinia naye akaanza, na shemeji mwenye jicho moja akawa anagonga ukuta kwa fimbo yake ya kutembelea na kusema, "Mguu unahisiwa! Si ndivyo ulivyoniambia? Mguu unahisiwa!" Hata Renti alilazimika kujifuta uso kwa kofia. Bina alisimama katikati ya kicheko hicho, mashavu yanamwaka, na hakuondoka.

"Miaka thelathini na miwili," alisema Rozena alipoweza. "Na binti yangu kafungia harusi yake benchi la nyuma."

"Nilimkosea," alisema Bina. "Si kwa kumtaja, alipishanisha, na alipishanisha vibaya. Lakini ningeketi naye. Sikuketi." Akamgeukia Lavinia. "Nisamehe, mwanangu."

Lavinia alisema hapana neno, mama Bina, na akaanza kulia kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kulia.

"Sasa, shemasi," alisema Bina, "sheria unaijua. Najitaja mwenyewe, miezi mitatu. Na ile ya zamani uniongezee mingine mitatu. Lakini kabla sijaenda kukaa, kuna jina nililiweka hapa. Nililiweka mimi, kwa hiyo ni mimi wa kuliondoa. Alichokipeleka Savannah alikitoa humu. Kama ni dhambi, alirithi, na mimi na babake tulimtangulia. Naliondoa. Titus mwana wa Julai aingie."

Titus hakusogea.

"Wewe! Umeota mizizi hapo? Ingia, watu wanapigwa baridi, mlango uko wazi."

Akaingia. Alipita mbele ya mamake, na kwa kuwa Bina hakuwa mwanamke wa kukumbatia watu hadharani, alimshika tu kola na kuinyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. Kisha akaenda mpaka benchi la nyuma, akakung'uta vumbi, akaketi.

Wanaume wakasogeza kile kiti kifupi karibu na miguu ya Julai. Titus akakaa, akaweka fimbo kwenye mbao, akamtazama babake.

"Nipige vipi, baba?"

"Kama inavyokuja," alisema Julai.

Rozena akavuta wimbo upya, na duara likaanza. Kwenye benchi la nyuma mtu haruhusiwi kuzunguka, lakini mikono haikutajwa katika sheria, kwa hiyo Bina alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na tisa hakuwa na sababu ya kutazama chini. Alitazama nyuso. Aliona kwamba Rozena ana kovu dogo kwenye nyusi, na kwamba Lavinia akiimba hufanana na marehemu bibi yake. Alimwona mume wake katikati, na mkono wake mzima ukigonga goti, ukisita, kisha ukiingia.

Walipopumzika kunywa maji, Titus alikuja kukaa kando yake bila kualikwa. Alikuwa analowa jasho.

"Kuna boti ya Alhamisi," alisema.

"Na huyo bwana wa karatasi?"

"Gari moshi lipo kila siku. Nitamwandikia."

"Mwandikie pia kwamba si kipya."

"Hataamini, mama."

"Basi mwache alipe kama kipya." Akampa leso yake ajifute. "Na ukianza tena usikimbie. Mzunguko ule wa mwisho umewachosha wazee, shemeji yangu alikuwa anatweta kama mbuzi. Babako hakuwa anakimbia."

"Wewe unajua nini, umekaa benchi la nyuma."

"We mtoto!" alisema Bina na kumpiga begani kwa nguvu, na Rozena akageuka kutoka kwenye ndoo ya maji kuona ni nani aliyekuwa anacheka hivyo.